Kikombe cha Mikono Miwili

Mwanangu, ipo siku moja ambayo naikumbuka kwa pua kabla ya kuikumbuka kwa macho. Nikifumba macho hivi, ule moshi unarudi: moshi ndani ya kinywaji, moshi usiokuwa na moto. Najua utasema, "Ah, fundi Hamisi, we si Muislamu? Harufu ya pombe umeitoa wapi?" Subiri. Maneno ni kama uzi, ukiuvuta kwa pupa unakatika.

Najua pia utacheka ukisikia najiweka kwenye kiti cha wazee. Kweli, ndevu zangu bado nyeusi, na shule niliiacha mapema nikakaa kwenye cherehani. Lakini wazee wenyewe waliniambia nasaha si mali ya mvi, aliyeona ndiye anayesimulia. Na mimi niliona. Mtu akiona jambo kubwa akanyamaza nalo, anakuwa kama mtungi uliofunikwa: maji yamo, na wenye kiu wanapita.

Duka letu la kushona liko Asiatique, mtaa wa maduka hapa Bujumbura, kati ya muuza vitambaa na muuza vyombo. Hapo ndipo nilipofahamiana na kijana mmoja mzungu aitwaye Kalumu, mtengenezaji wa pampu za maji, ambaye suruali zake zilichanika magotini kama za mtoto. Alikuwa amekaa Bujumbura hadi Kiswahili chake kikawa hiki hiki chetu cha mjini. Kitu kimoja tu kilimnunisha: ukimwita Mwingereza.

"Apana, Hamisi. Mi si Mwingereza. Mi ni mutu wa Ekosi."

Ekosi ndiyo Uskoti, nchi ya milima na mvua, huko juu kaskazini. Kwao, alinieleza, wana lugha ya mababu ambayo si Kiingereza, wana zumari linalopulizwa kwa mfuko wa ngozi, na wana nyimbo za kuwalilia waliokwenda mbali. Nikamwambia mbona hayo ni kama ya kwetu, ila mfuko tu. Akacheka.

Asubuhi moja akaniletea baba yake, Mzee Donali, aliyeshuka kwenye ndege juzi yake. Mtu mrefu, nyusi nene kama brashi, mkononi ana kifurushi. Alipokifungua juu ya meza yangu ya kukatia, mwanangu, niliweka mkasi chini. Ilikuwa ile sketi yao ya wanaume, sufu nzito, ya kijani na buluu, na ndani yake uzi mwembamba mwekundu unaopita kama njia ya mlimani. Nyuma kote marinda. Na katika kila rinda ule mstari mwekundu ulikuwa umeangukia sawasawa na wa jirani yake, kama watu waliojipanga safu kuswali. Nimeshona magauni ya bibi harusi wengi, lakini pale nilijiona bado napitisha uzi kwenye sindano kwa mara ya kwanza. Mistari ile, akasema, ni ya ukoo wake. Mtu wa kwao akiiona kwa mbali anajua huyu ni wa nani.

Kilichoharibika ni kijimkanda cha ngozi cha ubavuni. Nikakishona polepole, kwa sababu sikutaka kazi iishe. Mzee naye akakaa, akaanza kunisimulia, mwanawe akitafsiri. Akasema amebeba wiski kutoka kwao. Wiski hiyo ni shayiri, lakini shayiri iliyofundishwa kungoja. Ikishapikwa inalazwa ndani ya pipa la mbao, kwenye nyumba ya mawe yenye baridi, na inalala miaka. Hii yake ililazwa mwaka aliozaliwa Kalumu. Na kila mwaka, akasema, kiasi fulani kinatoka kwenye mbao na kupotelea hewani. Wenyewe hawalii. Wanasema hilo ni fungu la malaika.

"Muzee," nikamwambia, "malaika wetu hawanywi."

Kalumu akatafsiri. Mzee akaniangalia, nyusi zikapanda. Kisha akajibu taratibu, na Kalumu akashindwa kuzuia kicheko: "Anasema ndiyo maana kwao pipa inapungua sana. Wa kwenu wanakuja kunywa kwao."

Astaghfirullah, nilicheka mpaka muuza vyombo akaja kuuliza kuna nini.

Sasa nikuambie kwa nini mzee yule alivuka bahari akiwa na sketi na chupa. Kalumu alikuwa amempenda Klarisi, binti muuguzi wa hospitali ya Kamenge, mtulivu, mwenye kucheka kwa macho. Baba yake Klarisi alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo mwenye neno alikuwa babu yake, Mzee Bukuru, mtu wa milimani. Na Mzee Bukuru hakutaka. Alishasema mbele ya watu: "Mjukuu wangu ni huyu moja. Nitamupeleka mahali siwezi kwenda kwa miguu kumuangalia?" Baada ya kubembelezwa sana alikubali kushuka mjini awasikilize wageni mara moja tu. Wakiondoka na aibu, wasirudi tena.

Na posa ya kwetu Burundi, mwanangu, hata sisi tusiokunywa tunajua, inafunguliwa kwa kinywaji. Pande mbili zinakaa zikitazamana. Upande wa mposaji unatoa kinywaji. Kikipokelewa, mdomo umefunguliwa, semeni. Kikikataliwa, mnakunja nguo zenu na kwenda. Ndipo Kalumu, asiyekuwa na shangazi wala mjomba katika mji huu, akaja dukani na kuniambia, "Hamisi, kaa upande wetu. Uwe tonton, mjomba yangu."

"Mi sinywi, we unajua."

"Sikukuita kunywa. Nakuita kuwa ndugu."

Nikapiga pasi kanzu yangu.

Siku ikafika. Uani kwao Klarisi, Kamenge, pamefungwa tenti, viti vimepangwa, kreti za bia na soda zimejaa kivulini. Mzee Donali aliposhuka kwenye gari na ile sketi yake, watoto wa jirani walipanda ukutani. "Yo! Muzee amevaa imvutano!" Imvutano ndilo vazi la heshima la mama zetu, basi kina mama wote waliovaa za kwao wakajitazama, wakaziba midomo. Mmoja akasema bila hata kushusha sauti, "Muache kumucheka. Ile miguu ni mizuri kuliko ya bwana yangu." Uwanja mzima ukacheka, na sisi tukakaa tukiona mambo yameanza vizuri.

Msemaji wetu akasimama akasema maneno yake, mazuri, ya kuzunguka, ya kuomba ua katika bustani ya watu. Kisha Mzee Donali akainuka. Kutoka kwenye mkoba akatoa kitu kilichofungwa kitambaa: kibakuli cha fedha, kipana kama kiganja, chenye mikono miwili bapa, mmoja huku na mmoja huku. Kwa lugha yao ya mababu kina jina linalokwama kooni, sitajaribu. Akamimina wiski ya rangi ya asali ya milimani. Akadondosha tone la maji, maana wenyewe wanasema maji kidogo yanaiamsha. Halafu akavuka uwanja, marinda yakicheza nyuma, akainama mbele ya Mzee Bukuru na kumnyooshea kikombe kwa mikono yote miwili.

Mzee Bukuru hakunyoosha mkono.

Hata watoto wa ukutani waliacha kucheka. Kwetu, anayetoa kinywaji ndiye anayekionja kwanza. Anapiga funda moja mbele ya macho ya watu, kisha anakupa. Ndivyo anavyosema: nilichokupa, mimi pia nimekitia tumboni. Kinywaji kisichoonjwa kinabeba swali, na swali lenyewe halisemwi kwa sauti, kwa kuwa jina lake ni sumu. Kumbe huko Uskoti funda la kwanza ni la anayeheshimiwa. Kutangulia kutia mdomo wako ni ulafi. Kalumu alimweleza baba yake mambo mengi, asivuke miguu ya watu, asikatize maneno ya mzee, lakini hili halikumjia. Na mimi mtu wa soda, ningekumbuka wapi? Adabu mbili zilikutana njiani zikapigana kikumbo.

Kalumu alikuwa mweupe, akaongezeka weupe. Mzee Donali alibaki ameinama, kikombe mikononi, haelewi kitu. Mjomba wake Klarisi, Deo, mtu mwenye ulimi wa pilipili, akasimama.

"Bon! Tumeona. Kinywaji haijaonjwa hata na inzi, na munampa muzee wetu? Mufunge bouteille, hii chupa yenu, murudi nayo kwenu."

Wengine wakaguna kuunga mkono. Kiti kimoja kikasogezwa, kingine kikafuata. Dirishani niliona pazia limeshikwa na vidole vya mtu, nikajua ni vya nani, na moyo wangu ukaingia ndani ya kanzu ukajificha.

Ndipo ikasikika sauti ndogo, kavu. Ilikuwa ya Bibi Tereza, mke wa Mzee Bukuru, mama mdogo wa umbo ambaye mpaka wakati huo nilidhani amesinzia.

"Deo, kaa chini. Umemuuliza?"

"Nimuulize nini, mama? Si inaonekana?"

"Inaonekana kwa nani? We macho iko mbili na hukuona kitu moja. Kikombe ya mutu moja iko na mukono moja. Hii iko na mikono mbili. Mukono ya pili ni ya nani? Ungeuliza, ungejua. Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ujinga ni kufukuza watu na hujauliza."

Deo akakaa. Alikaa kama mtu aliyekatwa miguu. Bibi akamgeukia Kalumu. "We, kijana. Uliza baba yako. Hii kikombe iko na mikono mbili juu ya nini?"

Kalumu akauliza. Mzee Donali akajibu akiwa bado ameinama, na Kalumu akatafsiri sentensi kwa sentensi. Zamani, alisema, koo za kwao Uskoti ziliogopana. Mtu alimkaribisha mwenzake mezani, akampa kinywaji kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamchoma kisu. Watu wakaacha kutembeleana. Ndipo wazee wakachonga kikombe cha mikono miwili. Anayetoa anatoa kwa mikono miwili, anayepokea anapokea kwa mikono miwili. Hakuna mkono unaobaki wa kushika kisu.

Mzee Bukuru aliinua uso, na kwa mara ya kwanza tangu tuingie alimtazama mgeni machoni.

"Na nyinyi pia?" akasema. "Na nyinyi muliogopana hivyo?"

Bibi Tereza akasema kwa upole, akielekea upande wetu, "Musione bwana yangu ana dharau. Mudogo wake alienda kwenye sherehe, akanywa, asubuhi hakuamka. Ilikuwa kinywaji, ilikuwa ugonjwa, mpaka leo hakuna mutu anajua. Toka ile siku huyu hapokei kitu hakijaonjwa. Hata maji."

Kalumu alitafsiri kwa sauti iliyopasuka. Nilimwona Mzee Donali akisikiliza. Zile nyusi zilishuka, uso ukawa wa mtu aliyekanyaga kaburi gizani bila kujua. Akanyooka. Akasema, "Nisamehe, ndugu yangu. Kwetu wa kwanza ni yule anayeheshimiwa. Leo nimejifunza kwamba wa kwanza ni yule anayebeba hatari." Akanywa funda lake mbele ya wote, akatamka neno la lugha yao lenye maana ya uzima, akainama tena na kukinyoosha.

Mikono ya Mzee Bukuru ikatoka kwenye blanketi alilojifunika, yote miwili, ikashika.

Hakunywa. Alikileta kikombe puani, na hapo, mwanangu, ndipo lilipotokea jambo linalonifanya mpaka leo nisimame katikati ya mshono nikashangaa peke yangu. Mzee alinusa, akakunja uso. Akanusa tena, kwa muda mrefu, kama mtu anayesikiliza hatua za mtu mlangoni.

"Tereza."

"Karame," bibi akaitika.

"Njo unuse."

Bibi akainamisha pua yake juu ya kikombe. Macho yakamtoka. Halafu akaziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakitikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko. "Yesu wangu! Bukuru! Shati yako!"

Hatukuelewa, mpaka alipotueleza. Ujanani mwake Mzee Bukuru alikuwa mchimbaji wa nyiramugengeri. Ni udongo mweusi wa mabondeni, unaokatwa kwa koleo kama matofali, unaanikwa mpaka ukauke, na ukiuwasha unawaka polepole kama makaa, na moshi wake ukikushika haukuachi. "Alikuja kuniposa na ile harufu," bibi akasema. "Baba yangu aliuliza kama huyu kijana amekuja kuposa ao ametoroka mu jiko!"

Watu wakaangua kicheko, hata Deo. Kalumu alipoweza kupumua akamtafsiria baba yake, na nikamwona Mzee Donali akishika kichwa. Kwa maana shayiri ya wiski ile, kabla ya kupikwa, hukaushwa juu ya moshi. Moshi wa nini? Wa udongo mweusi wa mabondeni kwao, unaokatwa kwa koleo, unaoanikwa, unaowaka. Yeye mwenyewe aliukata tangu mdogo, akimfuata baba yake.

Mzee Donali hakungoja mkalimani. Aliweka chupa chini, akasimama katikati ya uwanja, akaonyesha kwa mikono: kukata, kuinua, kulaza. Mzee Bukuru akamkabidhi mkewe kikombe, akajikongoja juu ya fimbo yake, akatikisa kichwa. Apana, si hivyo! Akaonyesha ya kwetu: mguu juu ya koleo, sukuma, geuza, laza. Mwingine akajibu kwa yake. Basi tukawa tunatazama wazee wawili, mmoja kwa sketi, mmoja kwa blanketi, wanachimba hewa pale Kamenge, hakuna lugha kati yao hata neno moja, na wanabishana vizuri kabisa.

Nilisema Subhanallah moyoni, nikairudia. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba dunia ni kubwa. Siku ile niliona Mungu aliikunja kama marinda, na mistari ya mbali akaiangushia sawa.

Wakachoka, wakakaa, sasa kwenye viti vilivyo pamoja. Mzee Bukuru akachukua kikombe, akanywa funda dogo, akalikalisha mdomoni mpaka tukadhani amelisahau. "Hii haikupikwa na mutu wa haraka," akasema. Akampa mwenzake, mwenzake akamrudishia. Kisha akafuta mdomo, akatugeukia.

"Mi nilikuwa nauliza mjukuu wangu anaenda wapi. Sikuijua ile nchi. Sasa naijua harufu yake. Mumuite atoke."

Pazia likaanguka kabla hajamaliza. Klarisi alitoka akikimbia, imvutano imemkaa upande, akapiga magoti kwa babu yake, akalia kwa sauti, na babu akamwekea kichwani ule mkono mgumu wa koleo. Vigelegele vilivyopigwa, nadhani hospitali yote iliamka.

Kikombe kilizunguka kwa mikono miwili, mtu hadi mtu, kikafika kwangu. Nikakipokea, nikakinusa: moshi, asali, mvua ya nchi nisiyoijua. Nikamwambia Mzee Donali, "Muzee, mi nimeshiba kwa pua." Akainamisha kichwa kwa heshima ile ile aliyowapa waliokunywa. Hakunisukuma, hakunicheka. Nikakipitisha kwa jirani yangu.

Basi, mwanangu, nikuambie waziwazi, nisikuachie kazi ya kutafuta. Ukitendewa jambo ambalo kwenu ni tusi, usisimame mbio kama Deo. Uliza kwanza, kwao hilo ni nini. Mara nyingi utakuta ni heshima iliyovaa nguo ngeni. Na ukiwa wewe ndiye mgeni, usiridhike kujua watu wanapenda nini. Jua pia wanaogopa nini, kwa sababu hapo ndipo walipozika mtu wao. Ukigundua umegusa kaburi, usijitetee, tangulia kunywa. Na dini yako ishike bila kumnunia asiyekuwa nayo, maana unaweza kukaa na watu katika furaha yao bila kuimeza yote. Penye wazee haliharibiki neno, walisema waliotutangulia. Nami naongeza kidogo, wanisamehe: haliharibiki pale mzee anapouliza.

Mungu akukutanishe na watu wa mbali, na asikuache uwaogope. Akupe ulimi unaouliza na masikio yanayongoja jibu. Popote utakapofika, akujalie mwenyeji atakayekupokea kwa mikono yake yote, na wewe usifiche hata mmoja wa kwako. Amina.